Majani Yaliyopigwa Pasi

4 Februari

Mke wangu,

Picha imefika, ahsante. Umependeza. Gauni la kijani limekukaa sawasawa, na kwa kuwa nimelishona mwenyewe sitaendelea kulisifia.

Sasa niambie, huyo mwanamume aliyesimama kulia kwako ni nani? Nimechukua futi ya kazini nikapima nafasi kati ya bega lake na bega lako. Hakuna nafasi. Hata sindano haipiti. Kushoto kwako kuna mama amesimama mbali mpaka mtu angeweza kuegesha baiskeli katikati yenu. Kwa nini kulia mbanane hivyo, na kushoto kuwe peupe?

Nauliza tu. Nilibandika picha ukutani juu ya cherehani, mteja mmoja akaja kuchukua vipimo, akaiangalia, akasema, "Fundi, kumbe shemeji yako naye yuko huko?" Suruali yake bado sijaigusa.

Watu wakiniuliza umeenda kufanya nini, nikasema umeenda kupima ugumu wa majani, wanadhani nawatania. Mwingine akaniambia majani hayana ugumu, ndiyo maana mbuzi anakula. Nami najitia najua, nawaelezea, lakini moyoni najiuliza swali hilohilo. Hivi kweli mtu anaacha nyumba yake akapande mlima kwenda kukata majani?

Najua huko juu simu haishiki mtandao, na barua zinasubiri gari la mahitaji. Sawa. Mkataba wako unaisha mwezi wa sita. Nakusubiri. Kitanda ni kipana siku hizi, lakini bado nalala ukingoni, utafikiri kuna mtu wa kunisukuma.

Mumeo,
Fundi


13 Februari

Fundi wangu mwenye wivu,

Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini. Ati umepima bega kwa futi! Sikuwaambia. Aibu yako ni aibu yangu.

Huyo ni Bwana Wembe. Tunamwita hivyo kwa sababu yeye ndiye mwenye mashine ya kukatia. Mpiga picha alisema "sogeeni", tukasogea. Mama wa kushoto ni Mkuu wetu wa kituo. Nani atamsogelea Mkuu?

Haya, kazi yenyewe. Majani yanatufikia kutoka pande zote za dunia, yamefungwa kwenye vitambaa vibichi ili yasikauke. (Vitambaa hivyo, Fundi, ungeviona ungelia. Vimeshonwa na mtu mwenye hasira, vinafumuka njiani na nusu ya majani yanafika yamechanika.) Jioni tunayaloweka, yanywe maji gizani usiku kucha. Asubuhi kila jani linapita kwenye mashine tatu. Moja inakata kama mkasi, moja inatoboa, moja inavuta mpaka lichanike. Mashine inatuonyesha nguvu iliyotumika.

Na tofauti zake, we acha tu! Jani gumu kuliko yote linalishinda lile laini kuliko yote kwa mara mamia. Watu wanadhani jani nene ndilo gumu. Hapana. Yapo manene ya jangwani, yamejaa maji tu, yanakatika kama tango. Halafu linakuja jembamba la kivulini, la msitu wa mvua, na wembe unaligomea. Ni kama unavyosema wewe juu ya hariri, kwamba unene si nguvu, nguvu iko kwenye ufumaji. Mti wenye jani gumu unalitunza miaka. Wenye jani laini unaliacha wadudu wale, unachipuza jingine.

Sasa kuna jambo, na usipige kelele. Mkuu ameniomba niongeze miaka miwili. Anataka jibu katikati ya Aprili. Sijajibu. Nataka kazi hii, na nakutaka wewe, na sijui nifanyeje na hivyo viwili.

Wakati huo nisaidie. Ule mti wetu wa getini, hapa kituoni hatuna vipimo vyake. Ule ambao mbuzi wa jirani alitafuna jani akalitema. Mimi niko mbali, nakuomba wewe unipimie. Chuma majani yaliyokomaa, si machanga wala mazee. Yaloweke usiku, asubuhi yafute. Chukua mbao mbili zenye tundu katikati, bana jani kati yake, tundu liwe pembeni ya ule mshipa mkubwa. Chukua msumari uliosuguliwa ncha ikawa bapa, ugongelee chini ya kopo tupu, usimamishe juu ya jani. Mimina maji kwenye kopo taratibu mpaka msumari upenye. Niandikie jani limevumilia vikombe vingapi.

Mkeo akupendaye,
Mpima Majani


22 Februari

Mke wangu,

Miaka miwili! Umeniambia katikati ya barua, baada ya matango na hariri, ukidhani nitapita bila kuona. Nimeona.

Tena nimeona na jingine. "Tunayaloweka usiku kucha." Tunayaloweka, wewe na nani? Jani linahitaji watu wawili kulowekwa? Mimi hapa naloweka shati peke yangu na halijawahi kulalamika. Na huyo Bwana Wembe, mke wake yuko wapi? Hukusema kama ana mke. Mtu ambaye hana la kuficha angeandika "ana mke na watoto", mstari mmoja tu, akanituliza.

Roho inaniuma, sikufichi. Nashona watu nguo za harusi huku nafikiria wembe.

Hata hivyo kazi yako nimeifanya. Mbao nimezipata kwa seremala, msumari nimeusugua mwenyewe. Majani nimeyachuma yaliyokomaa, nimeyaloweka, nimeyafuta. Mwambie Bwana Wembe kwamba na mimi ni mtu wa vyombo vyenye makali, na kwamba usafi nilioufanya hapa umezidi hata ule ulioniagiza. Jani langu moja moja limenyooka, halina kunyanzi hata moja. Nimetaka ajue kazi ya fundi.

Vikombe: karibu majani yote yamepenywa kabla ya kikombe cha kwanza kufika nusu. Huo mti ni laini kuliko tulivyodhani. Mbuzi alikuwa ameshiba tu.

Rudi mwezi wa sita.

Fundi


6 Machi

Fundi,

Kama hukutaka kunisaidia ungesema. Nilisoma vipimo vyako mezani mbele ya wenzangu wote, kwa kujivuna, mume wangu amenipimia. Bwana Wembe akachukua karatasi akauliza, "Dada, huu mti wenu ni mti au ni mchicha?" Meza nzima ikaangua kicheko. Mkuu mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Mimi niliketi pale nimeinamia sahani.

Ule mti naujua. Nimeufagilia majani miaka yote tuliyokaa hapo. Majani yake yanaanguka kwa mlio, ukiyakanyaga unadhani ni plastiki. Nusu kikombe? Umechuma machanga makusudi, au hukupima kabisa, umeandika tu ili unikomoe kwa sababu ya wivu wako. Umenifanya nichekwe na mtu yuleyule unayemwonea wivu. Umefurahi?

Na ndiyo, Bwana Wembe hana mke. Haya, sasa unajua.

Jibu la Mkuu bado sijatoa. Lakini kwa mara ya kwanza nimejiuliza narudi kwenye nini.

Mimi


10 Machi

Kwa Bwana Wembe,

Hunijui, nami sikujui, ila bega lako nalijua vizuri.

Mimi ndiye mume wa Mpima Majani. Nimesikia umenicheka. Mti wangu umeuita mchicha mbele ya mke wangu. Nataka nikwambie, mwanamume kwa mwanamume, kwamba vipimo vile ni vya kweli, na kazi ile huwezi kuifanya hata ukipewa mwaka mzima na mashine zako tatu. Niliyaloweka. Niliyafuta. Kisha, kwa kuwa fundi mwenye akili hapimi kitambaa chenye kunyanzi, nilitandika kitambaa kibichi juu ya kila jani nikalipiga pasi, moja moja, kwa moto wa wastani, mpaka likatulia kama kola ya bwana harusi. Hakuna lililoungua. Wewe umewahi kupiga jani pasi? Basi nyamaza.

La pili ni hili. Huna mke. Tafuta. Dunia ina wanawake wengi kuliko majani unayokata. Kaa mbali na mke wangu, mezani, kwenye ndoo za kulowekea, na kwenye picha.

Barua hii usimwonyeshe.

Fundi Cherehani


19 Machi

Kaka Fundi,

Barua yako nimeipata na sijaionyesha kwa mtu. Nimeisoma nyuma ya ghala, peke yangu, na nilipofika kwenye pasi ilibidi nikae chini.

Kaka, uliyapika. Pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi inatoa mvuke, na jani likipata mvuke linalegea kama mboga kwenye sufuria. Ulichopima si mti wa getini, ni mboga iliyoiva. Mchicha niliousema kwa mzaha, kumbe ulikuwa kweli. Na kosa si lako. Sisi tuna maelekezo ya kila aina, usiliache juani, usiliminye, usilichume bichi mno, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kumwambia mtu asilipige pasi. Rudia bila pasi, utaniambia.

Kuhusu la pili sitakuficha, kwa sababu umeniandikia kama mwanamume. Bega hukulisoma vibaya. Mwaka jana, kabla ya picha ile, nilimwambia mkeo yaliyo moyoni mwangu. Nilimwambia, "Mumeo yuko mbali, mimi niko hapa, kazi yetu ni moja." Hakukasirika. Alikunja upindo wa gauni lake, lile la kijani, akanionyesha kwa ndani. Akasema, "Ona mishono hii. Hakuna anayeitazama. Mtu aliyeshona hivi mahali pasipoonekana, wewe utamshinda kwa lipi?" Kisha akaenda kuloweka majani. Na ujue analoweka peke yake, amekataa zamu na mimi tangu siku hiyo.

Hakukwambia kwa sababu aliniambia ungepanda gari la mahitaji na mkasi mkubwa mkononi. Nimeisoma barua yako, nakubaliana naye.

Kwa hiyo, Kaka, kama ni wivu, tuko wawili. Wewe unamwonea wivu mtu aliyepata bega kwenye picha. Mimi namwonea wivu mtu ambaye hata mishono yake ya ndani inanishinda. Vipimo vyako vilipofika vibaya nilifurahi, ndiyo maana nilicheka kwa sauti. Unisamehe kwa hilo.

Wembe


25 Machi

Mke wangu,

Niliyapiga pasi.

Ndiyo, yale majani. Niliona yana kunyanzi, nikayapiga pasi. Sikukukomoa na sikudanganya. Nilitaka vipimo vifike kwenye meza yenu vikiwa vya majani yaliyonyooka kuliko yote, ili mtu fulani ajue mumeo ni nani. Basi nikayapika. Cheka, una haki.

Bwana Wembe ndiye aliyenieleza, maana nilimwandikia. Nilimtukana kidogo. Amenijibu vizuri kuliko nilivyostahili, na amenieleza na ya mwaka jana. Niliposoma kwamba alikutaka, nilisimama, nikatoka nje, nikarudi, nikakaa, nikatoka tena. Niliposoma ulichomjibu nilichomoa mashati yote yanayosubiri wateja nikayageuza ndani nje kukagua mishono. Mke wangu, kwa nini hukuniambia? Mimi nalala na picha ile nikitafuta ubaya, kumbe uzuri ulikuwa kwenye upindo.

Nimerudia kupima. Safari hii bila pasi. Peke yangu ilinishinda, maana kopo linayumba. Mmoja anatakiwa kumimina, mwingine ashike mbao na kuangalia msumari. Kwa hiyo Msusi wa chumba cha pili akaja kunisaidia. Mkono wa Msusi hautetemeki, ni kwa ajili ya kusuka nywele nyembamba kutwa nzima. Msusi alimimina taratibu kabisa, tone kwa tone, mimi nimeinamisha kichwa pale chini. Kopo lilijaa, jani halijapenywa. Msusi akasema tutafute kopo kubwa, akaleta la kwake la mafuta ya nywele. Tukaanza upya. Vikombe vinne na nusu! Msumari ulipopenya, Msusi alipiga vigelegele na maji yakanimwagikia. Tumepima majani kumi, siku mbili mfululizo, yote hayashuki chini ya vikombe vinne. Msusi anasema sijawahi kucheka hivi tangu uondoke, na nadhani ni kweli.

Kuhusu miaka miwili. Nimefikiri. Kama unaitaka kazi hiyo, ichukue. Sitaki urudi kwa sababu nimekulilia, ukae hapa unatazama mti wa getini kwa hamu. Nitasubiri. Nitakuwa nashona.

Mumeo,
Fundi


3 Aprili

Fundi,

Barua yako nimeisoma. Vipimo vimekubaliwa, Mkuu amefurahi sana, mti wetu umeingia kwenye kundi la yale magumu. Hongera. Pasi nimekusamehe. Kumtukana Bwana Wembe nako nimekusamehe. Sikukwambia ya mwaka jana kwa sababu nilikuogopa wewe na mkasi wako, na hapo nilikosea.

Haya, sasa tuzungumze.

Msusi amefuata nini chumbani kwangu?

Nimejaribu kumhesabu kwenye barua yako nikachoka. Msusi kamimina, Msusi kaleta kopo, Msusi kapiga vigelegele. Majani kumi kwa siku mbili! Majani kumi yanapimwa asubuhi moja, hata na mtu anayesinzia. Kichwa chako kilikuwa kimeinama wapi hasa? Na mikono yake isiyotetemeka ulianza lini kuiangalia? Seremala aliyekupa mbao hana mikono? Mwenye nyumba hana mikono? Ukasema "nitasubiri, nitakuwa nashona." Nani anamwambia mke wake abaki mlimani miaka miwili kwa roho nyeupe namna hiyo? Mume ninayemjua mimi angevunja kopo.

Mimi niliyekuwa nakucheka kwa ile futi. Leo nimeshindwa kupima jani hata moja, nimekata kidole. Usiku sikupata usingizi, najiambia wewe ni mtu mzima, una akili, halafu nasikia vigelegele. Nina wivu, Fundi. Na sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo nimemjibu Mkuu leo asubuhi. Nimemwambia nabaki miaka miwili, kwa sharti moja. Nimempelekea gauni langu la kijani nikaligeuza, nikamwonyesha mishono, kisha nikamwonyesha vile vitambaa vinavyofumuka njiani. Nikamwambia mtu wa kushona mifuko ya majani ninaye, na asipoajiriwa yeye mimi naondoka. Akavaa miwani, akaangalia upindo, akauliza tu kama mtu huyo anajua sasa kwamba jani halipigwi pasi. Nikamwambia anajua.

Mshahara si mkubwa. Chumba ni kimoja, kitanda si kipana, utanisukuma na nitakusukuma. Gari la mahitaji linashuka kila Jumatatu. Sijui kama utakubali kufunga kibanda ulichokijenga miaka yote hiyo. Sikulazimishi. Ila ukikubali, ufunguo wa chumba mpe mwenye nyumba. Mwenye nyumba, nimesema.

Mkeo


10 Aprili

Mke wangu, roho yangu, mwenye wivu kuliko mimi,

Barua yako nimeisoma nimesimama kibandani, mteja akiwa nusu amevaa koti, akanitoroka na pini mgongoni kwa jinsi nilivyopiga kelele.

Nakuja. Kibanda nimemwachia mwanafunzi wangu wa zamani, wateja wameshaambiwa. Yule aliyesema shemeji nimemmalizia suruali yake, na mguu mmoja si mfupi, usiwe na hofu. Cherehani nimelifunga kwenye magunia, mkasi mkubwa nimeuweka chini kabisa ya mzigo ambako mkono hauufikii kwa haraka. Mpe salamu Bwana Wembe. Nitamshonea koti kwa ile barua yake, la heshima, lenye mishono mizuri ndani. Ila vipimo vya mabega atajipima mwenyewe.

Nimechuma majani ya mti wa getini, nimeyafunga kwenye mfuko nilioushona jana, wenye unyevu, mishono miwili kila upande. Usipofumuka njiani, mwonyeshe Mkuu. Na picha ikipigwa tena, mimi nasimama kulia, mpiga picha aseme asiseme.

Ufunguo nimempa mwenye nyumba, kama ulivyoagiza.

Pasi nimeiacha. Usiniulize nimemwachia nani.

Mumeo,
Fundi